Vipokezi vya seli za kinga dhidi ya saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Arusha na Moshi: wagonjwa na wanaowauguza, wauguzi, wanafunzi wa afya, na yeyote aliyekabidhiwa karatasi ya majibu yenye herufi kama PD-L1 akabaki anaigeuzageuza. Dozi zilizotajwa humu ni za kukusaidia kuelewa na kuuliza. Si za kujiandikia mwenyewe.

Kipokezi ni nini hasa?

Ni protini iliyopenya utando wa seli. Sehemu ya nje inashika kitu, kipande cha kati kimejikita kwenye utando, na mkia wa ndani unapeleka habari. Seli moja ya kinga imejaa vipokezi vya aina nyingi: vingine vinaiambia "shambulia", vingine "tulia". Kinachotokea seli ya kinga ikikutana na seli ya saratani ni hesabu ya sauti hizo zote kwa pamoja. Mengi yanayofuata hapa chini, kuanzia dawa hadi madhara yake, ni matokeo ya hesabu hiyo.

Askari mkuu katika habari hii ni seli T. Kila seli T ina makumi ya maelfu ya nakala za kipokezi kimoja, chenye umbo lake peke yake. Maumbo hayo hupatikana kwa kuchanganya vipande vya jeni kama karata, ndiyo maana mwili una mamilioni ya maumbo tofauti kabla hata ya kukutana na adui. Seli ambazo umbo lake linashika vitu vya mwili wenyewe kwa nguvu mno huchujwa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Mchujo huo si kamili, na hilo tutalirudia kwenye madhara ya dawa.

Seli T inaonaje kilichofichika ndani ya seli ya saratani?

Haioni ndani. Inaonyeshwa. Muuza maharage pale Soko la Kilombero hafungui gunia zima. Anaweka konzi moja juu ya sahani ili mteja ajue kilichomo. Karibu kila seli ya mwili hufanya hivyo. Protini zake zilizochakaa au zilizokosewa hukatwakatwa, na vipande vidogo vya asidi amino 8 hadi 11, viitwavyo peptidi, hupandishwa juu ya utando vikiwa vimekaa kwenye sahani iitwayo HLA ya daraja la kwanza. Seli T zenye molekuli ya CD8 hupita zikikagua sahani hizo. Daraja la pili la HLA hubeba peptidi ndefu zaidi, na hilo hukaguliwa na seli T zenye CD4.

Seli ya saratani imebeba jeni zilizoharibika, kwa hiyo baadhi ya peptidi zake hazipo kwenye seli nzima yoyote. Hizo ndizo zinazoisaliti.

Mshiko wenyewe ni dhaifu. Antibodi, protini ya kinga inayoelea kwenye damu, ikishika kitu inang'ang'ania. Kipokezi cha seli T hushika kwa sekunde chache kikaachia. Ni dhaifu kwa faida: peptidi moja inaweza kuamsha vipokezi kadhaa, kimoja baada ya kingine, kwa hiyo seli T huweza kuamka hata kama seli ya saratani ina sahani chache tu zenye peptidi ya kosa.

Kwa nini kuona tu hakutoshi?

Wanakikoba wanalijua jibu. Sanduku la VICOBA lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mmoja akija na wake peke yake, halifunguki.

Ufunguo wa kwanza ni kipokezi cha seli T kushika peptidi iliyo juu ya HLA. Wa pili ni kipokezi kiitwacho CD28 kushikana na protini CD80 au CD86, ambazo hukaa hasa juu ya seli za dendriti, zile zinazookota mabaki ya uvimbe na kuyapeleka kwenye tezi za limfu. Wa tatu ni kemikali za kuitana, kama IL-2 na IL-12, zinazoamua seli T izaliane kwa wingi kiasi gani na iwe ya aina gani.

Seli T iliyopata ufunguo wa kwanza bila wa pili haibaki vilevile, bali hupooza. Hapo ndipo wengi hukosea: wanadhani kinga haikuuona uvimbe. Mara nyingi iliuona, ila iliuona mahali ambapo hapakuwa na ufunguo wa pili, ikafundishwa kuuzoea.

CD4 hii ndiyo ile ya kliniki ya CTC?

Ndiyo. CD4 ni molekuli iliyo juu ya seli T wasaidizi. Virusi vya UKIMWI huitumia kama mlango wa kuingilia, na CTC huhesabu seli zilizo nayo katika sehemu moja ya elfu ya mililita ya damu, yaani maikrolita. Katika saratani, kazi ya seli hizo ni kuziwezesha seli za dendriti na kuzipa nguvu seli za CD8. Ndiyo sababu mtu ambaye CD4 zake zimeshuka hupata kwa urahisi zaidi saratani zinazoletwa na virusi, kama sarakoma ya Kaposi na saratani ya mlango wa kizazi.

Seli T ikishashika, inauaje?

Hujibandika kwenye seli ya saratani na kuelekeza vifuko vyake upande ule wa mgusano tu, ili isiunguze jirani. Vifuko humwaga perforini, inayotoboa utando, na granzaimu, inayoingia na kuiamuru seli ijiue. Njia ya pili haina matundu: seli T inagusa kipokezi cha Fas juu ya seli ya saratani, na kifo kinaanzia hapo. Ikimaliza, hujing'oa ikaenda kwa nyingine. Wakati huohuo hutoa interferoni gama, kemikali nyingine ya kuitana, inayozifanya seli za jirani zipandishe sahani nyingi zaidi za HLA.

Basi kwa nini watu bado wanapata saratani?

Kwa sababu seli za saratani zinazobaki ni zile zilizofaulu kukwepa. Njia zinazojulikana ni nyingi. Hizi ndizo zinazokutana na tiba moja kwa moja.

Ya kwanza ni kuitikia "tulia". Seli T iliyofanya kazi kwa muda hupandisha kipokezi cha PD-1. Protini mwenza wake, PD-L1, ikikigusa, mkia wa PD-1 huita kimeng'enya SHP-2 ndani ya seli T, nacho hufuta alama za fosfeti kwenye njia za CD28 na za kipokezi chenyewe. Sauti ya "shambulia" inafifia. Ajabu ni kwamba interferoni gama ileile iliyotolewa na seli T ndiyo inayoiamsha seli ya saratani ipandishe PD-L1. Kwa maneno mengine, PD-L1 nyingi kwenye uvimbe mara nyingi ni dalili kwamba vita vilikuwepo hapo.

Ya pili ni kuondoa sahani. Kila HLA ya daraja la kwanza inahitaji kipande kiitwacho beta-2-maikroglobulini ili isimame. Jeni ya kipande hicho ikiharibika, sahani zote zinaondoka na seli za CD8 hazina cha kukagua. Dawa za kuzuia PD-1 hapa huwa hazina pa kushika.

Ya tatu ni kutoitikia interferoni, pale jeni za JAK1 au JAK2 zinapoharibika. Ya nne ni kujizungushia ukuta: tishu ngumu, kemikali ya TGF-beta, na seli T za udhibiti ambazo kazi yake ni kutuliza wengine. Uvimbe wa namna hiyo madaktari huuita baridi, kwa maana hauna seli T ndani yake. Kuachia breki ya gari lisilo na dereva hakulifikishi popote.

Seli za NK zinaingia wapi?

NK (natural killer) ni aina nyingine ya seli za kinga zinazoua. Hizi ndizo mkaguzi wa pili. Hazitafuti peptidi fulani. Zinatafuta meza isiyo na sahani. Vipokezi vyao vya familia ya KIR vikigusa HLA, NK hutulia. Visipoigusa, breki inaondoka. Vilevile wana NKG2D, kipokezi kinachoshika protini za MICA na MICB ambazo seli hupandisha zikiwa kwenye msukosuko. Kwa hiyo saratani iliyovua HLA ili kuwakwepa CD8 inajianika kwa NK.

Seli za NK pia zina CD16, kipokezi kinachoshika mkia wa antibodi. Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa limfoma (saratani ya seli za limfu), hujibandika kwenye CD20, protini iliyo juu ya seli B, zile zinazotengeneza antibodi, na sehemu ya kazi yake ni kuwaita NK waje kuua. Trastuzumabu ya saratani ya matiti yenye HER2 nyingi (kipokezi kinachoihimiza seli ikue), ya mwaka 1998, hutumia mlango huohuo pamoja na kuzima HER2 yenyewe.

PD-1 na CTLA-4 zinatofautianaje?

Mahali na wakati. CTLA-4 hufanya kazi mapema, kwenye tezi za limfu: hung'ang'ania CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28, ikaunyang'anya ufunguo wa pili. PD-1 hufanya kazi zaidi baadaye, ndani ya tishu na uvimbe. Ndiyo maana kuizuia CTLA-4 kunaamsha seli T za kila namna na kuleta madhara zaidi.

James Allison alionyesha mwaka 1996 kwamba kuizuia CTLA-4 kunawafanya panya waukatae uvimbe. Jeni ya PD-1 ilikuwa imegunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Japani. Wawili hao walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2018. Ipilimumabu, inayozuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumabu na nivolumabu, zinazozuia PD-1, zikafuata 2014. Relatlimabu, ya kipokezi kingine cha kutuliza kiitwacho LAG-3, iliingia 2022 ikitolewa pamoja na nivolumabu.

Je, dawa hizi zinaua saratani?

Hapana. Hazigusi chochote kwenye seli ya saratani ili kuiua, tofauti na dawa za kemo. Zinakaa kwenye PD-1 au PD-L1 ili "tulia" isisikike, kisha seli T zilizokwishakuwepo ndizo zinazoua. Kama hazipo, dawa haina wa kumwachilia. Hilo linaeleza mambo mawili yanayowasumbua ndugu wa wagonjwa: kwa nini jirani alipona na wao dawa haikufanya kitu, na kwa nini anayeitikia mara nyingine huendelea vizuri hata baada ya dawa kusimama.

Kipimo cha PD-L1 kinafanywaje, na kwa nini wakati mwingine hurudi "hakisomeki"?

Kinafanywa kwenye kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, si kwenye damu. Makosa mengi hutokea kabla kinyama hakijafika maabara, kwa hiyo sehemu hii tunaiandika kwa urefu.

Kinyama kiingie kwenye fomalini ya 10% iliyowekewa bafa, haraka iwezekanavyo na kisizidi saa 1 tangu kukatwa. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Kikae humo kati ya saa 6 na 72. Chini ya hapo katikati hapajaiva. Zaidi ya hapo protini zinafungana mno na rangi haishiki. Kinyama kilichokatwa Ijumaa mchana, kikasubiri basi la Jumatatu, kikafunguliwa Jumatano, kimeshapitiliza.

Maji ya dripu si fomalini, na spiriti si fomalini. Tumia chupa yenye mdomo mpana. Kinyama kilichoingia kikiwa laini kwenye chupa ya mdomo mwembamba hakitoki kikishakuwa kigumu. Andika jina na namba ubavuni mwa chupa, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kinyama cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi hakifai kwa kipimo hiki. Kama kuna sehemu nyingine ya kuchukua, chukueni hiyo.

Maabara hukizamisha kwenye nta na kukata vipande vya maikromita 4 hadi 5. Bloku ya nta hutunzika kwa miaka, lakini slaidi zilizokwishakatwa hupoteza PD-L1 taratibu. Ukipeleka kipimo hospitali nyingine, omba bloku yenyewe. Slaidi za mwaka jana zinaweza kukupa jibu la "hasi" lisilo la kweli. Pia lazima ziwepo seli hai za saratani zisizopungua 100, la sivyo msomaji hatatoa alama.

TPS na CPS ni nini kwenye karatasi ya majibu?

TPS ni asilimia ya seli za saratani zilizoshika rangi kwenye utando. CPS huhesabu seli za saratani zilizoshika rangi pamoja na seli za kinga (limfosaiti na makrofaji) zilizoshika, ikagawa kwa idadi ya seli zote hai za saratani, ikazidisha kwa 100. Tuseme kuna seli 200 za saratani, 30 zimeshika rangi, na seli za kinga 10 zimeshika. TPS ni 15%. CPS ni 20, na huandikwa bila alama ya asilimia.

Msilinganishe karatasi mbili kabla ya kuangalia ni alama ipi. Kwa saratani ya mapafu hutumika TPS: ikiwa 50% au zaidi, na hakuna mabadiliko ya jeni za EGFR au ALK, pembrolizumabu inaweza kutolewa peke yake bila kemo. Kwa umio, yaani koo la chakula, hutumika zaidi CPS.

Huku kwetu saratani ya koo la chakula ni nyingi. Tiba hii inahusika?

Inahusika. Saratani ya umio ya aina ya skwamasi (inayoanzia kwenye seli bapa za juu), ambayo ndiyo inayotawala katika ukanda wa Afrika Mashariki, ni mojawapo ya saratani ambazo dawa za PD-1 huongezwa juu ya kemo pale ugonjwa ulipoenea. Faida huwa kubwa zaidi CPS ikiwa 10 au zaidi. Lakini mgonjwa anayeshindwa kumeza uji ana tatizo la leo linalotangulia: lishe, na pengine kuwekewa mpira wa kupanua njia. Mwili uliokonda sana hustahimili tiba yoyote kwa shida.

Na saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino?

Jua huandika makosa kwenye jeni za ngozi, na makosa mengi maana yake ni peptidi ngeni nyingi za kuonyesha. Ndiyo sababu saratani ya ngozi ya skwamasi huitikia dawa za PD-1 vizuri kuliko saratani nyingi. Semiplimabu, ya 350 mg kila wiki 3, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa iliyosambaa au isiyokatika kwa upasuaji. Hata hivyo kidonda kikiwa kidogo, kisu humaliza kazi kwa gharama ndogo mno. Mafuta ya jua ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa KCMC Moshi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta hayo vinatangulia semiplimabu kwa mbali.

Kabla ya dripu ya kwanza vipimwe nini?

Picha kamili ya damu, ini (ALT, AST na bilirubini), kreatinini, sodiamu na potasiamu, sukari, homoni za tezi ya shingo (TSH na T4 huru), UKIMWI, homa ya ini B na C, na kifua kikuu kwa kuulizwa dalili na picha ya kifua. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mwanzo inasaidia, kwa sababu moyo ukishikwa baadaye utahitaji cha kulinganishia.

Huku kwetu tunaongeza minyoo ya strongiloidi. Mgonjwa akipata madhara atapewa steroidi, dawa za kutuliza kinga, kwa wiki kadhaa, na steroidi humfungulia mnyoo huyo njia ya kusambaa mwilini na kuua. Ivermektini ya mikrogramu 200 kwa kilo mapema ni kinga rahisi.

Mwambieni daktari pia kuhusu ugonjwa wa kinga kujishambulia, kama lupasi au baridi yabisi ya viungo, na kiungo kilichopandikizwa. Mwenye figo la kupandikizwa anaweza kulipoteza.

Dawa inatolewaje, na nini huharibika njiani?

Pembrolizumabu hutolewa 200 mg kila wiki 3 au 400 mg kila wiki 6. Nivolumabu ni 240 mg kila wiki 2 au 480 mg kila wiki 4. Kichupa cha pembrolizumabu cha 100 mg kina ml 4, kwa hiyo 200 mg ni vichupa viwili, ml 8. Ukizitia kwenye ml 92 za sodiamu kloraidi ya 0.9%, unapata mg 2 kwa ml. Kinachoruhusiwa ni mg 1 hadi 10. Inapita kwa dakika 30 kupitia mrija wenye kichujio cha maikromita 0.2 hadi 5.

Ni protini, si kidonge. Ikae nyuzi 2 hadi 8, isigande, isitikiswe. Dawa iliyosafirishwa ikiwa imegusana na barafu moja kwa moja imeshaharibika hata kama inaonekana safi. Weka kadibodi au kitambaa kati yake na barafu, na kipimajoto ndani ya boksi. Kuchanganya ni kupinduapindua mfuko taratibu. Muuguzi aliyezoea kutikisa antibayotiki za unga aelezwe mapema. Ikishachanganywa, isizidi saa 6 kwenye joto la chumba, muda wa dripu ukiwa umehesabiwa humo. Umeme ukikatika, andika saa.

Madhara gani yatuharakishe hospitali?

Breki ikiachiwa, seli T zilizoponyoka mchujo wa thaimasi huweza kugeukia utumbo, ini, mapafu, ngozi, tezi au moyo. Hayafanani na madhara ya kemo, na dawa zake si zilezile.

Kuharisha ndiko kunakopotezewa muda zaidi. Mtu anaharisha, anakwenda duka la dawa, anapewa metronidazoli kwa hisia ya amiba, wiki inapita, utumbo unatoboka. Hesabu safari za choo zaidi ya kawaida yako: chini ya 4 kwa siku, piga simu, 4 hadi 6, nenda siku hiyohiyo, 7 au zaidi, au damu, au tumbo kuuma sana, ni kulazwa. Choo kipimwe, ndiyo, lakini steroidi zisisubiri majibu siku nyingi.

Kikohozi kipya au kubanwa pumzi yaweza kuwa mapafu kuvimba. Maumivu ya kifua, kope kulegea, misuli kuuma kwa pamoja: hiyo ni hatari ya moyo, haijalishi ni usiku wa manane.

Uchovu mkubwa, kutapika, presha kushuka, sodiamu chini. Hapa watu hutibiwa malaria. Pimeni malaria, lakini pimeni na homoni ya kotisoli, kwa sababu tezi ya pituitari au adrenali inaweza kuwa imezimika, na anayezirai kwa hilo anahitaji haidrokotisoni 100 mg kwenye mshipa mara moja. Kiu kali na kukojoa sana: sukari.

Madhara ya ngozi hutangulia, mara nyingi wiki ya 2 au ya 3. Utumbo hufuata, homoni baadaye. Lakini yanaweza kuja hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

Madhara ya daraja la 3, yaani makali, hutibiwa kwa steroidi ya prednisoloni ya mg 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, mg 60 ni vidonge 12 vya mg 5, na wengine huogopa wingi huo wakapunguza wenyewe. Msipunguze. Nafuu ikija, dozi hushushwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Ukiikata ghafla madhara hurudi yakiwa makali zaidi. Wanaokaa juu ya mg 20 kwa wiki 4 au zaidi hupewa pia kotrimoksazoli ya kukinga maambukizi ya mapafu. Steroidi kwa ajili ya madhara hazijaonekana kufuta faida ya tiba. Tofauti ni kuianza tiba ukiwa tayari unameza zaidi ya mg 10 kila siku kwa sababu nyingine.

Mwenye VVU anaweza kutumia?

Anaweza, akiwa kwenye ARV na virusi vimedhibitiwa. CD4 ikiwa juu ya 100 ni mwanzo unaokubalika. Hali ya VVU peke yake isiwe sababu ya kunyimwa.

Seli CAR-T ni nini?

Ni kipokezi cha kuunda. Seli T za mgonjwa huchujwa kutoka kwenye damu kwa mashine, huingiziwa jeni kwa kirusi kilichopokonywa makali, huzalishwa, kisha hurudishwa mwilini baada ya siku chache za dawa za kemo, fludarabini na saiklofosfamaidi, za kutengeneza nafasi. Kipokezi kipya kina kichwa cha antibodi kwa nje, na ndani mkia wa CD3 zeta ukiunganishwa na CD28 au 4-1BB. Yaani ufunguo wa kwanza na wa pili vimefungwa kwenye pete moja. Hakihitaji HLA, kwa hiyo kuvua sahani hakuisaidii saratani. Kwa upande mwingine kinaona tu kilicho juu ya utando.

Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, ikilenga protini ya CD19 kwenye leukemia (saratani ya damu) ya seli B. Hatari yake ni dhoruba ya IL-6, kemikali nyingine ya kuitana: homa kali, presha kushuka, na hupozwa kwa tosilizumabu, dawa inayozuia IL-6. Nyingine ni kuchanganyikiwa na kushindwa kuandika, ndiyo maana mgonjwa huombwa aandike sentensi moja kila siku. Saratani ikirudi, mara nyingine imerudi bila CD19. Kwa uvimbe mgumu bado mafanikio ni machache. Inahitaji maabara maalumu na ICU. Si cheti cha kuchukulia dirishani.

Dawa za asili za "kuongeza kinga" zitasaidia?

Swali hili halikosi. Tatizo la uvimbe kwa kawaida si uchache wa kinga, ni ile "tulia" na ukuta. Mlonge au tangawizi kwenye chakula si tatizo. Unga usiojulikana unaouzwa kwa kilo stendi ni tatizo, kwa sababu ALT ikipanda hakuna atakayejua ni dawa ya PD-1 au ni unga, na dripu itasimamishwa. Baadhi ya unga huo huchanganywa steroidi kwa siri. Mtu anapata hamu ya kula, anasifia.

Chanjo ya HPV nayo ni tiba ya namna hii?

Hapana, inazuia. Hutengeneza antibodi zinazokizuia kirusi kuingia kwenye seli. Kilimanjaro ilikuwa mkoa wa majaribio kuanzia 2014, nchi nzima ikafuata 2018. Mwanamke mwenye saratani tayari hafaidiki nayo kama tiba. Huyo seli zake hutengeneza protini za kirusi E6 na E7, ambazo seli T huzikagua kama nilivyoeleza juu.

Tutajuaje kama dawa imefanya kazi?

CT ya kwanza kwa kawaida ni wiki ya 8 hadi 12. Mara chache uvimbe huonekana umekua kwa sababu seli T zimeujaa. Kama mgonjwa anakula, anatembea na maumivu yamepungua, daktari anaweza kurudia picha baada ya wiki 4 hadi 8 kabla ya kuamua. Kama hali inazorota, msijifariji na habari hiyo. Ukuaji wa kweli ndio wa kawaida.

Dripu zikisimama, kadi ya tiba itupwe?

Isitupwe. Nusu ya pembrolizumabu huchukua takribani siku 22 kutoka mwilini, na vipokezi hubaki vimekaliwa kwa miezi. Kaa na kadi inayosema jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu ya kliniki. Mwonyeshe yeyote atakayekutibu, hata daktari wa meno au wa zahanati kule Rombo ulikokwenda kwa Krismasi.